Kitambaa Chekundu Kwenye Mti wa Maziwa

Matsangoni,
2 Machi 1986

Kwako mwanangu Kahonzi,

Salamu zangu zikukute umeshiba na umevaa sweta. Nasema sweta kwa sababu Mwalimu Gerishom ametuambia darasani kwamba huko bara mtu akisema neno asubuhi, moshi unamtoka mdomoni. Nimewaza moshi huo siku mbili. Je, kile kifua chako? Usinidanganye.

Sisi hapa wazima. Kuku yule mweusi ameatamia, mvua bado, dari la jikoni linavuja vumbi badala ya maji. Barua hii naandika mwenyewe kwa mkono wangu. Neno moja tu la juu ya bahasha, "chuoni", ndilo alilonionyesha Idah. Idah ni yule mke wa fundi wa mashine ya kusaga, mtu wa bara, tunakaa dawati moja gumbaru. Sisi wanawake wazima tunakalia viti vya watoto, magoti yanagusa kidevu, na Mwalimu akisoma imla hakuna anayepumua. Marehemu baba yako angeniona angecheka mpaka akohoe.

Sasa ile kazi uliyoniachia Krismasi. Jumatatu na Alhamisi nikitoka kisimani napita kwenye miti ya maziwa nyuma ya zizi. Iko kumi na mmoja. Nageuza jani moja moja kama ulivyonionyesha. Jumatatu viwavi kumi na wanne, wale wa mistari. Alhamisi tisa. Mmoja alikuwa ameshaning'inia, kijani, na nukta za dhahabu kama hereni. Nikamwuliza, wewe nani kakununulia? Vipepeo wenyewe wananizunguka kama wananijua. Ile miti nayo inanipaka maziwa vidoleni, yananata, sabuni haiyatoi, naishia kujifuta na leso.

Linalonitia wasiwasi ni baba yako mdogo, Jefwa. Anasema mti ule umeua mwana-mbuzi wake, na pale anataka kupanda muhogo. Nimemwambia miti ni ya masomo yako. Akasema, "Shemeji, tangu lini mtoto akasomea magugu?" Nijibu nini? Niandikie upesi.

Mimi mama yako,
Kadii


Chuoni,
20 Machi 1986

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako ilikaa ofisini siku sita kabla ya kunifikia, lakini nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Kifua ni kizima. Sweta ninalo, lile la bluu, na asubuhi nalivaa hata chini ya shuka. Chakula ni maharage leo na maharage kesho. Nimekonda kidogo tu, usianze kulia.

Mama, hesabu zako ni nzuri sana. Nimezinakili kwenye daftari kwa wino. Ule mti ndio chakula pekee cha wale viwavi. Kipepeo jike hatagi mayai penginepo, akiukosa anazunguka tu mpaka anakufa. Na utomvu ule ndio unaowafanya ndege wamwogope, kwa maana ni mchungu na unabaki mwilini mwake. Huo ndio mradi wangu: mvua ikija viwavi wanaongezeka au wanapungua? Bwana Thuku, mwalimu wetu wa sayansi, ndiye atakayeusahihisha, na bila mradi hakuna mtu anayepewa cheti.

Kwa hiyo tafadhali, baba mdogo asikate hata mmoja mpaka mwezi wa saba. Mwambie unavyojua wewe. Ile miti ndiyo cheti changu.

Msalimie Idah, ingawa simjui.

Mwanao,
Kahonzi


Matsangoni,
20 Aprili 1986

Kwako Kahonzi wangu,

Nakusalimu na mvua imekusalimu, imeanza Jumanne. Umesema umekonda kidogo. Kidogo ni kiasi gani? Nguo ya kitenge inakupwaya au haipwayi? Hilo ujibu.

Kuku ametotoa saba. Idah alianguliwa darasani, nina maana alianguka, kiti kilivunjika. Mwalimu akasema tuendelee na imla, naye Idah akaandika akiwa sakafuni.

Mwanangu, nimefanya jambo na sijui kama ni dhambi. Jefwa alikuja asubuhi na panga. Nikamwambia ngoja hata kesho. Akasema, "Kesho hiyo hiyo, shemeji, nisikute maneno." Basi alipoondoka nikachana upindo wa leso yangu nyekundu ya zamani, nikafunga ndani mfupa wa mbuzi na makaa, nikatundika kwenye mti wa kwanza kama zindiko la mganga. Kitako cha kibuyu nikakipaka majivu, nikakitundika kwenye wa pili. Sikusema neno lolote juu yake, Mungu shahidi, nilikuwa nikiimba wimbo wa kanisani.

Kesho yake Jefwa akaja. Alisimama mbali, kama kutoka jikoni hadi mlango wa kanisa. Akaniuliza, "Nani ameweka fingo hapa?" Nikasema, "Aliyeweka anajua." Akauliza, "Ni ya kutoka wapi?" Nikasema, "Mbali." Akaweka panga kwapani akaenda zake, na tangu siku hiyo anapita njia ya kuzunguka. Watu wote wanazunguka. Naona haya wakinisalimia kwa adabu vile.

Umwambie Bwana Thuku: wiki ya kwanza ya mvua thelathini na mmoja. Nilihesabu mara mbili. Miti iko salama.

Mama yako,
Kadii


Chuoni,
14 Mei 1986

Mama,

Shikamoo. Nimecheka fingo yako mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu, Wanjira, akaniuliza kama nimepata barua ya mchumba. Si dhambi, mama. Au ni ndogo.

Kitenge hakipwayi sana. Hapa mvua kila siku, viatu havikauki. Tulifanya mtihani wa hesabu, nimepita.

Kuhusu wale viwavi, usijisumbue kila wiki. Ukipata nafasi sawa, usipopata sawa. Una kazi nyingi za shamba.

Nimeishiwa karatasi. Nitaandika zaidi siku nyingine.

Kahonzi


Matsangoni,
10 Juni 1986

Kwako Kahonzi,

Salamu. Barua yako ilikuwa fupi. Karatasi imeisha au maneno yameisha?

Umesema usipopata sawa. Kwa nini sawa? Mwezi wa tatu ulisema ndiyo cheti. Nimekosea hesabu? Kama nimekosea niambie nirudie, Mwalimu Gerishom huwa anatwambia turudie na hatukasiriki.

Wiki hii sijui ni wangapi. Asubuhi kuna ukungu sana. Napapasa jani kwa kidole. Nadhani kumi, au ni jani limejikunja.

Samahani mwandiko. Utambi wa taa mbaya.

Vifaranga wamebaki watano.

Kadii


Chuoni,
24 Juni 1986

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi na roho haikai.

Ukungu gani? Nimezaliwa Matsangoni, sijaona ukungu hata siku moja. Na wewe huwa unaandika mchana, taa ya nini? Mistari yako inapanda kama njia ya mbuzi, maneno mawili yamekaliana. Ulikuwa unaandika ukijivunia kila herufi. Mama, unaumwa? Ni homa? Ni macho?

Acha kwenda kwenye ile miti. Nimesema acha.

Nijibu hata mstari mmoja. Kama huwezi kuandika, mwombe mtu akuandikie.

Mwanao anayengoja,
Kahonzi


Matsangoni,
13 Julai 1986

Haya Idah andika. Kwako mwanangu Kahonzi. Umeandika? Nakusalimu kwa salamu tele kama mchanga. Tele, Idah, si tere. Sisi hapa wazima. Mbona waniangalia, andika tu wazima. Barua yako imefika na Idah amenisomea, ndiye anayekuandikia hii kwa sababu mimi kidole kimechomwa na mwiba. Andika mwiba. Wewe andika, uongo ni wangu si wako.

Mahindi yamekomaa. Jefwa amepata jino baya. Ukungu umeisha na usiwe na wasiwasi.

Idah weka kalamu kwanza nikupumzishe mkono. Huyu mtoto ana akili, ameshika mpaka neno la taa. Nimwambie nini? Nimwambie kwamba Mei nilijifuta jicho na vidole vya maziwa ya mti, kwanza hili kisha hili, na halikuuma hata kidogo, nikadhani ni vumbi? Kwamba asubuhi yake dunia ilikuwa kama imefunikwa chandarua? Atatoroka chuoni. Hilo usiandike.

Sasa wewe nakuona kama kivuli, Idah, nakujua kwa sauti na kwa harufu ya samli. Hapo ni kwa jicho la kulia. La kushoto ndilo baya, tangu Jefwa alete yule mtu wa dawa akalitia unga. Liliwaka siku tatu. La kulia nikamkatalia, nikasema tuone kwanza hilo.

Hapana, usinipeleke hospitali. Mara ngapi nitakuambia? Mji mzima wanasema fingo imenigeukia, nimepapasa miti iliyozindikwa. Jefwa mwenyewe analia, anasema shemeji lazima uzinguliwe kwanza, mtu wa fingo akipigwa sindano anakufa. Wanangoja mbuzi wa rangi moja, wanizingue mwezi ujao. Nikienda Malindi kesho na wewe, watajiuliza, huyu mbona haogopi? Watajua kitambaa ni upindo wa leso yangu. Jefwa atakata yote kabla chai haijachemka, na mtoto bado hajasahihishiwa. Alisema mpaka mwezi wa saba. Mwezi wa saba haujaisha. Macho yataningoja, cheti hakitangoja.

Haya shika kalamu tena. Mbona umeshashika? Andika, mwanangu soma kwa bidii, kula, vaa sweta. Ni mimi mama yako Kadii. Basi. Isome niisikie. Hapana acha, jua limekwenda, itie kwenye bahasha.

Mwisho wa imla. Nimeandika yote nisiruke neno kama Mwalimu Gerishom anavyotufundisha. Nami nakusalimu dada Kahonzi. Ni Idah.


Chuoni,
21 Julai 1986

Mama,

Shikamoo. Idah, tafadhali msomee mama barua hii wakati hakuna mtu mwingine. Msomee yote. Nawe asante, Mungu akubariki na imla yako.

Mama, Idah aliandika kila neno. Usimgombeze.

Nina jambo nilikuficha. Tarehe saba Mei nilimpelekea Bwana Thuku daftari. Aliuliza mbele ya darasa, "Nani amehesabu viwavi hawa?" Nikasema mama yangu. "Amesoma mpaka wapi?" Nikasema yuko gumbaru. Akasema, "Basi tumshukuru kwa kuwa hakutuhesabia mbuzi pamoja nao." Darasa likacheka. Mama, na mimi nilicheka. Nilikuwa nimesimama na daftari la hesabu zako mkononi nikacheka pamoja nao, ili wasinione nimeumia.

Akaniambia nifanye kingine nitakachokiona kwa macho yangu mwenyewe. Nikaotesha maharage kwenye makopo dirishani. Mradi huo nilishaumaliza, umeshasahihishwa, nimepita. Tangu Mei cheti changu hakitegemei mti hata mmoja wa pale nyuma ya zizi. Ningekwambia mwezi ule, ungeacha kwenda. Nilihesabu tarehe mara nyingi, mama. Sijui kama ulijifuta jicho kabla ya siku ile au baada yake. Naogopa kukuuliza.

Sikukwambia kwa sababu ningelazimika kusema kwamba nilicheka.

Sasa nisikilize. Ile miti haina kazi tena. Mwambie baba mdogo ukweli wa kitambaa leo hii, akate yote, na uende hospitali ya Malindi na Idah kesho asubuhi. Usingoje mbuzi. Usikubali mtu atie kitu kingine machoni, hata maji ya dua. Mwambie daktari neno hili: utomvu.

Nimeomba ruhusa nije, nimenyimwa kwa sababu ya mtihani. Tunafunga tarehe kumi na tano Agosti.

Nisamehe. Au usinisamehe, lakini nenda.

Kahonzi


Matsangoni,
3 Agosti 1986

Kwako Kahonzi,

Nakusalimu, na Idah anayeshika kalamu anakusalimu. Mwalimu Gerishom amemwambia kwamba barua si imla, kwamba katika barua unaacha ya kuachwa. Lakini leo nimemwambia aandike kama nisemavyo.

Barua yako ilifika Jumamosi ya wiki iliyopita. Nilitoka nje pale pale. Idah alinishika mkono mpaka kwenye ule mti wa kwanza, nikaita, "Jefwa! Njoo na jino lako!" Akaja, na watu wakaja nyuma yake. Nikakitungua kile kitambaa mbele yao kwa mkono wangu. Mwanamke mmoja alipiga kelele akakimbia. Nikafungua, nikamwonyesha Jefwa mfupa. Nikamwambia, "Huyu ni mbuzi tuliyemla Pasaka, wewe ulikula paja." Nikamwonyesha leso, upande ulipochanwa.

Aliipapasa ile leso. Kisha akasema, "Shemeji, tangu Aprili nazunguka kwenda kisimani, na mguu huu mbovu, kwa ajili ya upindo?" Nikasema ndiyo. "Na yule mtu wa dawa niliyemleta?" Akakaa chini kwenye majani. Nilijua analifikiria lile jicho la kushoto, lakini alileta alichokuwa nacho, na aliyemdanganya ni mimi.

Kesho yake ndiye aliyenipeleka Malindi, yeye na Idah. Daktari ni mama mmoja mpole, mikono baridi. Nilimwambia utomvu. Akauliza siku ngapi, nikasema miezi. Nimetiwa dawa ya matone, kila saa mbili, Idah anakuja na saa ya mume wake. La kulia linafunguka. Jana niliona vidole vyangu vitano vyote, na leo nimeiona rangi ya kanga ya Idah, nikamwambia haimfai.

Jefwa amekata miti. Nilimpigia kelele asijifute uso, nikamsimamia kwa sabuni kama mtoto. Mmoja nimemzuia, ule wa mwisho kule kwenye ua, ulikuwa na viwavi. Si kwa ajili ya cheti. Walikuwa wanakula tu, nikaona aibu kuwakatia chakula mdomoni. Jefwa akasema haya, shemeji, ila uwekee ua mbuzi wasifike.

Sasa lile ulilosema, kwamba ulicheka. Nilimwambia Idah arudie kulisoma. Akalirudia. Limeniuma, Kahonzi, sitasema halikuniuma. Lililoniuma zaidi ni kwamba uliogopa kuniambia. Mimi nimezaa watoto wanne na nimezika wawili na baba yao, ningeshindwa kukisikia kicheko? Hilo tutalizungumza ukija, na siku hiyo utapika wewe. Na umesema unaogopa kuuliza. Ilikuwa kabla, mwanangu. Ilikuwa Alhamisi ya kwanza ya Mei, tarehe moja, nakumbuka kwa sababu gumbaru hatukuwa na darasa, ni sikukuu ya wafanyakazi. Usiubebe mzigo ambao si wako.

Lakini baadaye niliendelea kwenda, na hospitali sikwenda, hilo ni la wewe na mimi, tuligawane.

Limebaki moja. Nilitaka Idah aandike kwamba macho yote yanaendelea vizuri. Alishaanza kuandika. Nikamwambia kata hilo neno, andika ilivyo. La kushoto halitarudi. Daktari amesema ule unga umeacha kovu, na limekuwa jeupe, watoto wananikodolea. Haliniumi. Nakwambia sasa ulie huko huko, umalize, usije ukalia barabarani mbele ya wauza korosho.

Nitakuja kukupokea mwenyewe tarehe kumi na tano. Ukishuka usiniite kwa mbali, nitageuka kila upande. Njoo usimame kulia kwangu.

Mama yako,
Kadii